Okello Yupi? Miezi Sita ya Jenerali Tito Lutwa

Jumapili moja jioni, kwenye kijiwe chetu cha kahawa, mazungumzo yalianzia Burkina Faso yakaishia Uganda. Tangu wanajeshi washike madaraka Mali, Guinea, Burkina Faso, Niger na Gabon kati ya mwaka 2020 na 2023, habari za mapinduzi ya zamani zimerudi vinywani mwa watu. Mzee mmoja akataja jina la Okello. "Yule aliyepindua Zanzibar?" akauliza kijana aliyekaa pembeni yake. "Hapana, yule aliyempindua Rais Obote wa Uganda," mzee akajibu. Hapo wa tatu akaweka kikombe chini na kuapa kwamba Obote alipinduliwa na Museveni, na kwamba hilo hata mtoto wa shule analijua. Kashata zikaisha, kahawa ikapoa, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Mzee ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa naye, alipoendelea kusimulia, aliwachanganya watu wawili kuwa mmoja. Sikushangaa. Okello wanaotajwa katika siasa za kanda hii ni watatu, na wawili kati yao walifuatana kwenye kiti kimoja kwa kupishana siku mbili tu. Ninayetaka tumwelewe ni Jenerali Tito Okello Lutwa, aliyeiongoza Uganda kuanzia tarehe 29 Julai 1985 hadi 26 Januari 1986. Lakini hatutamfikia bila kwanza kuwatenganisha hawa watatu.

Tuanze na jina lenyewe. Okello, kwa Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda, ni mtoto wa kiume anayezaliwa akiwafuata mapacha. Wa kike huitwa Akello. Msukuma atalielewa hili mara moja: baada ya Kulwa na Doto huja Shija. Kwa hiyo kudhani kwamba kila Okello ni ndugu wa Okello mwenzake ni sawa na kudhani kwamba kina Shija wote wa Kanda ya Ziwa wametoka tumbo moja.

Okello wa kwanza ni John, mtu wa kabila la Lango (Mlango) aliyehamia Pemba akifanya kazi za vibarua na uashi, kisha akajulikana duniani kwa sauti yake redioni baada ya usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Alijiita Fildi Mashal, lakini hakuwa ofisa wa jeshi la nchi yoyote, na hakuwahi kuwa rais. Urais aliuchukua Sheikh Abeid Amani Karume, na kabla miezi mitatu haijaisha John Okello alikuwa amefungiwa mlango wa kurudi visiwani. Ukubwa wa nafasi yake katika siku zile unabishaniwa mpaka leo na Wazanzibari wenyewe, na mimi sitauingia ubishi huo hapa.

Okello wa pili ni Bazilio Olara-Okello, brigedia Mwacholi ambaye askari wake ndio walioingia Kampala Jumamosi ya tarehe 27 Julai 1985. Huyu alikuwa mkuu wa nchi kwa siku mbili. Jumatatu yake, tarehe 29, akaapishwa wa tatu, Tito Okello Lutwa, naye pia Mwacholi na pia mtu wa Kitgum. Tito alitoka Namokora, Bazilio akatoka Madi Opei. Walikuwa watu wa wilaya moja na jeshi moja, basi. Hawakuwa kaka na mdogo wake.

Kuna neno jingine linalotuchanganya, nalo ni letu wenyewe: mapinduzi. Kiswahili kinalitumia neno hili kwa mambo mawili yasiyofanana. Zanzibar mwaka 1964 kilichoondoka ni utawala wa Sultani na mpangilio mzima wa nani anamiliki ardhi, nani anatawala na nani anatumikia. Uganda mwezi Julai 1985 kilichoondoka ni mtu. Jeshi lilibaki lile lile, wizara zikabaki zile zile, na hata makamu wa rais aliyekuwa chini ya Obote, Paulo Muwanga, akarudi baada ya siku chache akiwa waziri mkuu. Tukisema "mapinduzi" kwa yote mawili bila kufafanua, tunajikuta tunampa Tito Okello uzito ambao tukio lake halikuwa nao. Ya kwake yalikuwa mapinduzi ya kijeshi: askari wa serikali wanamtoa mkuu wa serikali hiyo hiyo. Kilichotokea Januari 1986, Museveni alipoingia Kampala, ni kitu cha aina nyingine tena. Waasi walishinda vita na kuliondoa jeshi la serikali lenyewe.

Ukishazitenganisha hizo tarehe mbili, ubishi wa kijiweni unakwisha. Milton Obote hakuondolewa na Museveni. Aliondolewa na jeshi lake mwenyewe, kwa mara ya pili, baada ya lile la Idi Amin la tarehe 25 Januari 1971. Museveni alimwondoa Tito Okello.

Kijana wa keya

Tito Okello alizaliwa mwaka 1914. Mwaka 1940, Mwingereza akihitaji watu wa kupigana na Waitalia, aliingia keya. Keya ni matamshi yetu ya herufi K, A na R, jeshi la wakoloni wa Kiingereza katika Afrika Mashariki, na familia nyingi za Tanganyika, Kenya na Uganda zina babu aliyepita humo. Alipigana katika vita vya Afrika Mashariki, na vita vilipokwisha hakurudi shambani. Jeshi likawa ndiyo kazi yake ya maisha.

Wakoloni walikuwa na mazoea ya kuchota askari wa Uganda kaskazini zaidi, kwa Waacholi na majirani zao, na kuwaacha watu wa kusini kwenye ukarani, biashara na kilimo cha pamba na kahawa. Uhuru ulipofika mwaka 1962, Uganda ilirithi nchi ambayo bunduki ziko mikononi mwa watu wa upande mmoja, na shule na mali nyingi ziko upande mwingine. Kila kilichofuata kinaanzia hapa. Huko kambini, kabila lolote utakalotoka, lugha iliyowaunganisha askari ilikuwa Kiswahili, na jeshi la Uganda limeendelea kukitumia mpaka leo. Ndiyo maana raia wengi wa kusini mwa Uganda walikichukia Kiswahili kwa miaka mingi: walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki.

Januari 1964, wiki moja tu baada ya John Okello kutikisa Zanzibar, askari waliorithiwa kutoka keya waliasi katika nchi zote tatu. Tanganyika walianza tarehe 20, Jinja huko Uganda tarehe 23, Kenya tarehe 24. Madai yalikuwa mishahara na maofisa Wazungu waondoke. Serikali zote tatu ziliomba askari wa Uingereza waje kuzima uasi.

Baada ya hapo njia ziligawanyika, na naomba msomaji atulie hapa kidogo. Tanganyika ilivunja jeshi lile lote na kuanza upya; Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Uganda ilipandisha mishahara, ikapandisha vyeo, ikaongeza idadi ya askari. Ni kama majirani wawili waliogundua mchwa ukutani. Mmoja akabomoa ukuta, akalala kwenye baridi kwa miezi kadhaa, akajenga mwingine. Wa pili akapiga plasta na kupaka rangi. Miaka miwili baadaye, Mei 1966, Obote alilituma jeshi hilo, likiongozwa na Idi Amin, kulishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Askari wakajifunza kwamba mambo ya siasa huamuliwa na wao. Amin, ambaye naye alikuwa mtu wa keya aliyeingia mwaka 1946, alikuwa mwanafunzi mwepesi kuliko wote.

Miaka ya Tanzania

Amin alipompindua Obote, Waacholi na Walango waliokuwa jeshini waliwindwa kambini mwao na kuuawa kwa mamia. Waliopona walikimbia, na Tito Okello alikuwa mmoja wao. Aliishia Tanzania, pamoja na Obote na vijana waliobaki watiifu kwake.

Septemba 1972 wakimbizi hao walijaribu kurudi kwa nguvu wakipitia mpaka wa Mutukula kuelekea Masaka na Mbarara. Walishindwa vibaya. Baada ya makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo, Tanzania iliwahamisha wapiganaji mbali na mpaka, wengi wakapelekwa Kigwa, mkoani Tabora. Fikiria ofisa wa karibu miaka sitini, asiye na jeshi, nchi yake ikiwa mikononi mwa mtu aliyewaua wenzake. Alisubiri hivyo kwa miaka sita.

Kilichowarudisha ni kosa la Amin mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera, na Tanzania ikaingia vitani. Wapiganaji wa Obote waliitwa Kikosi Maalum, jina la Kiswahili ambalo Waganda wanalitumia mpaka leo bila kulitafsiri, na Tito Okello alikuwa miongoni mwa makamanda wake pamoja na David Oyite Ojok. Kundi la Museveni liliitwa FRONASA. Machi 1979, Waganda wa uhamishoni walikutana Moshi na kuunda umoja wa kisiasa, UNLF, pamoja na jeshi lake, UNLA, yaani Jeshi la Taifa la Ukombozi la Uganda. Herufi moja tu ya mwisho inatofautisha chama na jeshi, na ndiyo maana vifupisho hivi huwachosha watu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Mzigo mkubwa wa vita ile ulibebwa na JWTZ. Nasema hivyo bila kuwapunguzia Waganda chochote, kwa sababu ukweli huo unaeleza yaliyofuata. Jeshi la Uganda lililopewa nchi lilikuwa dogo, limeshonwa harakaharaka kutoka vikundi vilivyokuwa havipendani, na kila kikundi kikaanza kuandikisha vijana wake. Ndani ya mwaka mmoja na kidogo marais wawili, Yusuf Lule na Godfrey Binaisa, waliondolewa. Mei 1980 nchi ikaangukia mikononi mwa Tume ya Kijeshi chini ya Muwanga. Museveni alikuwa makamu wake, na Tito Okello alikuwa mjumbe. Wasomaji wengi huichanganya tume hii na Baraza la Kijeshi la mwaka 1985. Ni vyombo viwili tofauti, japo sura nyingine zilikuwa zile zile.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote. Wapinzani walisema kura zimeibwa, na tarehe 6 Februari 1981 Museveni alishambulia kambi ya Kabamba na kuanza vita vya msituni. Tito Okello alikuwa kamanda wa UNLA, na Oyite Ojok mnadhimu mkuu wake.

Na hapa sitaki kumpamba mtu. Vita hivyo vya msituni, vilivyopiganwa hasa wilaya ya Luweero, vilikuwa vya kinyama. Vijiji vizima viliteketezwa, raia waliuawa kwa maelfu, na kwa miaka mingi baadaye mafuvu yalipangwa kando ya barabara za wilaya ile ili wapita njia wayaone. Askari wa UNLA walihusika sana na mauaji hayo, na jina la kamanda wao lilikuwa Tito Okello. Kuna wanaomtetea kwamba alikuwa mzee mpole na kwamba Oyite Ojok ndiye aliyeendesha vita. Huenda alikuwa mpole nyumbani kwake. Lakini kamanda hawezi kupokea saluti za askari wake halafu akakataa matendo yao.

Helikopta iliyobadilisha kila kitu

Desemba 1983 Oyite Ojok alikufa katika ajali ya helikopta huko Luweero. Alikuwa Mlango kama Obote, lakini alikuwa askari wa kweli na Waacholi walimheshimu. Kiti chake kikakaa wazi kwa miezi kadhaa. Obote alipokijaza mwaka 1984 alimteua Smith Opon Acak, Mlango mwingine, aliyekuwa mdogo kwa cheo na uzoefu kuliko maofisa wengi Waacholi.

Waacholi na Walango ni majirani ambao lugha zao zinasikilizana, kiasi kwamba mgeni hawezi kuwatofautisha kwa kusikia tu. Walikimbia pamoja, wakateseka pamoja, wakarudi pamoja. Lakini vita vya Luweero vilikuwa vimekwenda muda mrefu, na Waacholi walianza kuhesabu. Waliona maiti nyingi zinazorudishwa kaskazini ni za kwao, na vyeo vinavyotolewa Kampala ni vya Walango. Malalamiko ya namna hii huanza kimya kwenye foleni ya chakula, kisha siku moja yanatoka na risasi. Mapema Julai 1985 askari wa makundi haya mawili walipigana wenyewe kwa wenyewe katika kambi ya Mbuya, jijini Kampala. Bazilio Olara-Okello, aliyekuwa kamanda wa brigedi ya kaskazini, akajikusanyia askari wake Gulu, akashuka kupitia Lira hadi mji mkuu. Obote alikimbilia Kenya na baadaye Zambia. Hakuiona tena Uganda akiwa hai. Alifia Afrika Kusini Oktoba 2005.

Kwa nini basi aliyeongoza msafara akae kitini siku mbili tu, kisha akiachie? Jinsi ninavyoielewa hali ile, Bazilio alikuwa na askari lakini hakuwa na jina. Tito alikuwa na umri wa miaka 71, mkubwa wa wote kwa cheo, mtu wa keya aliyejulikana na kila askari tangu kabla ya uhuru. Mapinduzi yalihitaji mzee wa kuyabariki, kama vile ugomvi wa ukoo usivyoweza kutangazwa umekwisha mpaka mkubwa wa ukoo aseme. Bazilio akawa mkuu wa majeshi. Tito akawa Mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi, cheo ambacho wakati ule ndicho kilichokuwa ukuu wa nchi. Kwa hiyo wanaosema hakuwahi kuwa rais wanabishania jina la kiti, na wanaosema alikuwa rais hawajakosea.

Ufunguo wa mlango mkubwa

Swali la msingi ni hili: aliyeshika redio na ofisi ya rais ameshika nini hasa?

Chukua nyumba ya kupanga ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba sita. Anakuja mtu na kunyang'anya ufunguo wa mlango mkubwa. Anatangaza kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Lakini kila mpangaji ana kufuli lake, mmoja wao ana kufuli kubwa kuliko la mlango wa mbele, na wote wana mapanga chini ya kitanda. Mtu huyo anaweza kuzuia watu wasiingie. Hawezi kumwamuru yeyote aliyeko ndani.

Hiyo ndiyo Uganda aliyopewa Tito Okello. Alifanya jambo ambalo kwenye karatasi lilionekana la busara: aliyaita makundi yote yenye silaha yaje kuungana na serikali yake. Karibu yote yakaja, yakiwemo UFM na FEDEMU ya kusini, na hata makundi ya waliokuwa askari wa Amin kutoka Nile Magharibi. Kiongozi wa chama cha DP, Paul Ssemogerere, aliingia kuwa waziri wa mambo ya ndani. Tatizo ni kwamba yalikuja na bunduki zake, na kila moja likashika kipande chake cha Kampala. Kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine raia alivuka mpaka, na kila mpaka una kijana anayetaka kitu. Askari walikuwa wameanza kupora maduka tangu siku ya mapinduzi yenyewe. Na kuwaona watu wa Amin wakitembea tena mjini na bunduki, miaka sita tu baada ya vita ya ukombozi, kuliwatia watu hofu ambayo hotuba yoyote ya redio isingeweza kuiondoa.

Aliyekataa kuja ni mmoja tu, mwenye kufuli kubwa. Museveni na jeshi lake la NRA walitumia vurugu zile kujitanua magharibi. Kabla mwaka haujaisha walikuwa na utawala wao uliokuwa na makao Fort Portal, na mbele walifika hadi daraja la mto Katonga, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala.

Ndipo yakaja mazungumzo ya Nairobi, chini ya Rais Daniel arap Moi, kuanzia tarehe 26 Agosti. Yalikwenda karibu miezi minne. NRA walisema hawawezi kukaa na serikali yenye wauaji wa raia na watu wa Amin. Upande wa Okello ulisema mtu anayetaka amani hawezi kuzungumza mchana na kuteka miji usiku. Kila upande ulikuwa unasema kweli kuhusu mwenzake. Mkataba ulisainiwa Jumanne ya tarehe 17 Desemba 1985, Moi akishuhudia: vita visimame, liundwe jeshi la pamoja, Okello abaki mwenyekiti na Museveni awe makamu wake. Wapo wanaoamini kwamba mkataba ule ulimpa Museveni urais. Haukumpa. Alipewa nafasi ya pili, na hakwenda kuikalia. Watu wa Kampala hawakuyaamini mazungumzo yale tangu mwanzo. Walicheza na jina lake la Kiingereza, "peace talks", wakayaita "peace jokes", yaani mizaha ya amani.

Ukiuliza nani aliyeuvunja mkataba, jibu litategemea unayemuuliza anatoka wapi. Kwa Waacholi wengi ilikuwa hadaa ya wazi, na kidonda hicho hakijapona. Ninachoweza kusema mimi ni kwamba mkataba unahitaji mtu anayeweza kuwaamuru askari wake waache kupiga, na siku ile ya Desemba Tito Okello hakuwa na uwezo huo. Saini yake ilikuwa ya kweli. Wa kuitii hawakuwepo.

Katikati ya Januari 1986 NRA ilianza mashambulizi ya mwisho. Tarehe 26, Jumapili, Kampala yote ilikuwa mikononi mwao, miaka kumi na mitano na siku moja tangu Amin aichukue. Museveni aliapishwa tarehe 29 mbele ya jengo la Bunge, akisema kwamba hayo hayakuwa mabadiliko ya walinzi tu bali mabadiliko ya msingi. Maneno hayo ndiyo yaliyomfuta Tito Okello katika kumbukumbu za watu wengi. Ukisikiliza hotuba tu, unaweza kudhani kwamba mbele ya Museveni alikuwepo Obote, na kwamba zile siku 181 za katikati hazikuwahi kuwepo.

Lakini zilikuwepo, na gharama yake ililipwa kaskazini. Askari wa UNLA walirudi nyuma hadi Gulu na Kitgum, wengine wakavuka kwenda Sudan, na katika mwaka ule ule wakaunda jeshi la waasi la UPDA na kurudi kupigana. Baada yao akaja Alice Lakwena, Mwacholi aliyedai kuongozwa na mizimu, na askari wake waliopakwa mafuta ya kuzuia risasi. Baada ya Lakwena akaja Joseph Kony na waasi wake wa LRA. Waacholi, ambao wengi wao hawakuwahi kuona senti ya miezi ile sita, wakaishi miaka ishirini kwenye vita na kambi za wakimbizi wa ndani. Anayewaambia kwamba waliadhibiwa kwa sababu "walitawala" ajue kwamba mwananchi wa Kitgum hakutawala kitu.

Bazilio Olara-Okello alifia Sudan Januari 1990. Tito alikaa uhamishoni hadi mwaka 1993, serikali ya Museveni ilipompa msamaha, akarudi nyumbani. Alifariki Kampala mwezi Juni 1996 akiwa na miaka 82, akazikwa kwao Kitgum.

Januari 2010 Museveni alimtunuku marehemu Nishani ya Kagera, inayotolewa kwa waliopigana kumwondoa Amin. Mwanawe, Henry Oryem Okello, amekuwa kwa miaka mingi waziri wa nchi wa mambo ya nje katika serikali ya mtu aliyemtoa baba yake Kampala.